Bahasha 143 za Mama Bilha Nasimiyu

"Kura niliyoifunga mimi itafika, hata mwenyewe akiwa ameshalala kaburini."

Maneno hayo marehemu Bilha Nasimiyu Wabwile aliyasema kwenye kipaza sauti Jumamosi tarehe 22 Juni 2024, mjini Kitale, katika mkutano mkuu wa Ushirika wa Maziwa wa Khuyetana, mbele ya wanachama mia sita na mwenyekiti aliyekuwa amesinzia. Makofi yalipigwa. Wengi wa waliopiga wako hapa leo. Wako pia waliokataa kumsalimia kuanzia Machi mwaka huu mpaka alipokata roho, na hao tunawashukuru kwa kuja mapema na kunywa chai.

Wenye programu mkononi wataona kwamba ukurasa wa tatu una wasifu mfupi kuliko huu. Kamati ya mazishi ilisema nafasi haikutosha. Picha ya mheshimiwa ilitosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Januari 1957 karibu na soko la Kwanza, wakati wa kiangazi, ndiyo maana akaitwa Nasimiyu. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Elijah Khisa na marehemu Mama Nabwile. Baada yake walifuata watoto watatu ambao Mungu aliwachukua wakiwa wadogo, kisha mwaka wa 1965 akaja kaka yake wa pekee, Wakhungu, ambaye ndiye baba wa huyu anayewasomea. Bilha alimbeba huyo kaka mgongoni miaka mitatu. Mama Nabwile alikuwa akisema gauni zote za Bilha zilichakaa mgongoni kabla ya kuchakaa mahali pengine popote.

Alisoma shule ya msingi Kwanza, na sekondari akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1976. Mwaka wa 1978 aliajiriwa posta ya Kitale kama karani wa kaunta, na mwaka wa 1989 akahamishiwa Webuye, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka wa 2012. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa na sheria moja: hakuna risiti, hakuna barua. Padri alipewa risiti. Chifu alipewa risiti. Mtu akiondoka bila kuichukua, marehemu alikuwa anatoka nje ya kaunta na kumfuata mpaka barabarani, viatu vya ofisi na vyote, akiita, "Wewe bwana, hiyo barua yako umeiacha yatima."

Ndoa yake nayo ilipitia kaunta. Kijana mmoja wa Matulo, Wabwile, fundi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, alikuwa akija Kitale kila mwisho wa mwezi kutuma barua moja. Siku moja alituma ya rejista, juu imeandikwa: Kwa Karani wa Kaunta ya Pili, Posta, Kitale. Karani wa kaunta ya pili aliisoma anwani, akaipima, akailipisha, akapiga mhuri, akampa risiti, akamwambia arudi kesho kuona kama imefika. Alirudi. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 katika kanisa la Marafiki, Matulo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Joy na Levi. Mzee Wabwile alitangulia mwaka wa 2016. Ile risiti ilikuwa bado kwenye pochi yake.

Baada ya kustaafu, marehemu alifuga ng'ombe wawili na kujiunga na Ushirika wa Khuyetana, mwanachama nambari 417. Khuyetana ni kusaidiana, kwa wale wageni wetu wasiojua Kibukusu. Ofisi iko Kitale, lakini nusu ya maziwa ilikuwa inatoka huku Bungoma, na tangi la kupoza maziwa lilikuwa hapa Matulo, hapo mnapoona leo ukuta bila paa. Kila uchaguzi ulikuwa unafanyika Kitale, na kila mara watu wa huku walikuwa wanashindwa kwa sababu wamebaki kukamua. Ndipo mwaka jana mkutano ukapitisha kanuni mpya: mwanachama asiyeweza kufika siku yenyewe apige kura mapema, siku tatu kabla, ofisini, au apige kwa posta, kwa bahasha mbili. Wakauliza nani ataenda kuwafundisha watu. Marehemu alikuwa ameshasimama.

Tangu siku hiyo akaitwa Mama Bahasha. Alifundisha kanisani, kwenye mnada wa ng'ombe, kwenye foleni ya kupimia maziwa. Chombo chake cha kufundishia kilikuwa hindi bichi. Alikuwa akilimenya polepole na kusema punje ni kura yako, haina jina, hata mwizi akiiona hajui ni ya shamba gani. Ganda la ndani ni bahasha ndogo, nayo haina jina. Ganda la nje ni bahasha kubwa, hapo ndipo unaandika jina, nambari yako na sahihi.

Wazee walimsumbua hapo kwa jina. Mzee Kimaiyo, aliyekuwa na ng'ombe kumi na mmoja na anayemwogopa Mungu kuliko wazee wote hao, alisema barua isiyo na jina ni ya mchawi, yeye hawezi kuituma. Alitia sahihi kwenye karatasi ya kura mara mbili, na mara mbili marehemu akaichana na kumpa nyingine. Ya tatu alimwambia, "Mzee, ndani ni siri yako. Nje ni adabu yako. Usichanganye." Mzee Kimaiyo yuko hapa, na bado anasema alishawishiwa.

Kulikuwa na waliotaka kumchagua gavana kwa bahasha. Marehemu aliwaeleza bila kuchoka kwamba ya serikali ni mengine: kura ya nchi haina posta wala mapema, unaamka siku yenyewe unaenda kituo ulichojiandikisha, na kama umehama unahamisha jina kabla daftari halijafungwa. Hii ya bahasha ni ya maziwa peke yake. Na kila somo alilimaliza kwa mambo mawili. La kwanza, usimpe mtu bahasha yako bila risiti. La pili, mjumbe wa kamati asiguse bahasha hata kama ni baba yako.

Uchaguzi uliitishwa Jumamosi tarehe 15 Machi mwaka huu. Swali lilikuwa moja: tangi la Matulo libaki au lihamishiwe Kitale. Bahasha zilitakiwa kufika Kitale kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumatano tarehe 12. Mwaka huu Machi ilikuwa Ramadhani, na Mulki wa Bungoma mjini, anayeuza maziwa karibu na msikiti na ambaye ni mwanachama kama sisi, alisema na saumu yake hawezi kwenda Kitale kupiga foleni. Yeye pia akapiga kwa bahasha. Marehemu alizikusanya zote azitume kwa rejista kama kifurushi kimoja. Alikuwa na kitabu cha risiti, na kila mtu alipewa yake. Mulki alipewa nambari 88. Zilikuwa bahasha mia moja arobaini na mbili, na ya marehemu mwenyewe ikawa ya mia moja arobaini na tatu.

Ijumaa tarehe 7 Machi marehemu aliamka miguu imevimba, na kufikia jioni alikuwa amelazwa hospitalini Bungoma. Ilikuwa ni figo. Jumapili kaka yake alikuja kumwona. Kaka yake ni katibu wa Ushirika. Marehemu alimpa mfuko wa khaki wenye bahasha zote, akampa na pesa za posta, akamwomba apitie Webuye Jumatatu asubuhi azitume. Hakumtaka atie sahihi mahali popote. Jumatatu jioni kaka alipiga simu akasema, "Zimeenda, dada."

Matokeo mnayajua. Walioamua tangi lihame walikuwa 388, waliokataa 327. Tofauti, sitini na moja. Bahasha zilizopokelewa kutoka Matulo, sifuri.

Watu wa Matulo hawakusubiri maelezo. Ilisemwa Mama Bahasha ametuuza. Ilisemwa amejengewa nyumba Kitale, ambayo hata sisi jamaa zake tungependa kuonyeshwa, tupate pa kulala tukienda huko. Alipotoka hospitali mwezi wa Aprili alikuwa akienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na majirani waliokuwa wakimsukumia mkokoteni wa majani wakaanza kupita upande ule mwingine wa ua. Tangi liling'olewa tarehe 29 Aprili. Maziwa ya jioni yakaanza kuganda. Mzee Kimaiyo aliuza ng'ombe sita.

Kwa kila aliyemwuliza, marehemu alijibu kosa ni lake. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza vizuri. Mulki alikuja katikati ya Mei, akaweka risiti nambari 88 juu ya blanketi.

"Mama Joy, mimi sijakuja kuuliza kura yangu," alisema. "Yangu risiti ndiyo hii. Nauliza, yako wewe iko wapi?"

Marehemu aliichukua ile risiti, akaisoma. Kisha akasema alimwuliza kaka yake risiti ya kifurushi, akaambiwa ilifuliwa ndani ya suruali. Alimwuliza nambari ya rejista, akaambiwa imesahaulika. Mtu aliyekaa kaunta miaka thelathini na minne anakijua kisingizio cha suruali.

"Nilimbeba mgongoni, Mulki. Mtu uliyembeba mgongoni unamwombaje risiti?"

Akamwapisha asimwambie mtu. Mulki alinyamaza, mpaka Jumanne ya wiki hii.

Kaka naye alikuwa akija kumwona kila Jumapili. Alikuwa akileta ndizi na magazeti. Alikuwa akikaa kwenye kile kiti cha mlangoni, watu wa Matulo wakipita njiani na kusema yao kwa sauti ya kusikika, naye anayasikia, anamenya ndizi. Mwezi wa Mei aliteuliwa meneja wa mtambo mpya wa Kitale. Marehemu alimpongeza.

Hata katika ugonjwa hakuacha ulimi wake. Kwa mpwa wake, huyu anayewasomea, aliyekatiza masomo ya habari njiani, alisema, "Hiyo diploma yako ni barua bila stempu, Ian. Imeandikwa vizuri lakini haiendi popote." Alikata roho Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tatu asubuhi, Joy akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Sasa Jumanne. Msiba wa ukoo wetu haupikiwi bila sufuria ya Mama Nabwile, ile kubwa ya mikono minne, inayokaa kwenye stoo ya Mzee Wakhungu huko Kwanza. Mzee alikuwa kazini Kitale. Mama yetu, mke wake, akaituma kwa pikapu bila kuifunua, ikiwa imefungwa kamba. Joy na huyu anayewasomea waliifungua hapo nyuma ya jikoni. Ndani kulikuwa na mfuko wa khaki. Ndani ya mfuko zilikuwa bahasha mia moja arobaini na tatu, zimefungwa, panya hawajazigusa. Ilibidi Senge, yaani shangazi yetu, afe ndipo sufuria ifunguliwe.

Mzee Wakhungu aliulizwa Jumatano. Hakukana. Alisema alikuwa na nia ya kumweleza dada yake, kisha dada akazidiwa. Alisema kazi ya meneja haikuwa ya kuachwa. Akaunyooshea ule mfuko kidole, akasema, "Sisi ni nyumba moja, kijana. Bahasha hizi tuzizike naye."

Itazikwa moja, Baba. Nambari 417, ya mwenyewe, iko mkononi mwake ndani ya jeneza. Joy aliiweka asubuhi. Haijafunguliwa. Ni kura moja tu aliyoifunga kwa mkono wake ambayo haitafika kokote, na ndiyo anayokwenda nayo kaburini.

Hizo zingine mia moja arobaini na mbili ziko kwenye meza ile yenye kitambaa cheupe, karibu na kitabu cha wageni. Zimepangwa kwa nambari. Mulki amekaa hapo na kile kitabu cha risiti cha marehemu. Tukimaliza kuzika, kila mtu aende achukue yake, aangalie kama gundi imeguswa, kisha atie sahihi kwamba ameipokea. Mzee Kimaiyo, sahihi ni nje. Aliyesema Mama Bahasha alimuuza, aisome bahasha yake vizuri, halafu apite kwenye kaburi aseme hapo alichosema njiani. Na walioamua kuzipeleka kwa ofisa wa ushirika wa kaunti Jumatatu, wazipeleke wenyewe. Wasimpe mtu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Joy wa Bungoma na Levi aliyeko Doha, ambaye hakupata ruhusa na anatusikiliza kwa simu, wajukuu watatu, ng'ombe mmoja anayekamuliwa, wanafunzi wake wote wa bahasha, na kaka mmoja, Mzee Wakhungu, aliyeketi hema la pili, safu ya mbele.

Lala salama, Senge Bilha. Umefika, na tumekuandikia risiti.

Kifurushi cha kilo mbili kwa rejista, kutoka Webuye hadi Kitale, ni shilingi mia tatu na themanini, ndizo alizompa kaka yake Jumapili ile.