Gemu Lililomalizwa Jumamosi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya saluni ya kiume, limeegemezwa ukutani, mguu wake mmoja umekazwa kwa waya. Wenye benchi ni watatu. Baridi ni fundi friji, kibanda chake ni mlango wa pili. Breki anaendesha basi la shule, na huegesha hapo akingoja watoto watoke madarasani. Wa tatu ni mwenye saluni, kinyozi wanayemwita Chapchap, kwa sababu mteja hajamaliza kueleza anavyotaka kunyolewa, tayari ameshanyolewa. Muuza kahawa huwapitia na birika lake, akawamiminia, akaenda zake. Hajawahi kusubiri ubishi uishe.

Alasiri hiyo Chapchap alikaa na kikombe mkononi bila kunywa. Wenzake wakamwacha kidogo, kisha Baridi akamuuliza kama nyumbani kwema. Chapchap akasema kwema, ila mkewe haongei naye. Haongei, au hasemi kabisa? akauliza Breki. Anasema, akajibu Chapchap, lakini anasema naye kama anavyosema na ndugu wa mgonjwa. Mkewe ni muuguzi. Asubuhi hiyo Chapchap alimwuliza chumvi iko wapi, akaambiwa asubiri, atahudumiwa.

Chanzo chake kilikuwa gemu. Tangu mvua zianze, Chapchap na mkewe walikuwa wanacheza gemu moja pamoja, jioni baada ya kazi, wakipokezana padi ya kuchezea. Ni la mwanamke anayesafiri kwa miguu, anavuka mito na vijiji, anaongea na watu njiani. Padi ikiwa kwa mkewe, mwanamke yule anatembea. Anasimama kutazama ndege. Anakaa juu ya jiwe, na wao wanakaa kwenye kochi wakimtazama alivyokaa. Padi ikifika kwa Chapchap, mwanamke anakimbia. Akikutana na mtu mwenye neno la kusema, Chapchap anabonyeza kitufe, neno linarukwa, safari inaendelea. Jumamosi mkewe alikuwa zamu. Chapchap akasema acha aone tu mbele kuna nini. Kufika saa sita mchana alikuwa amelimaliza gemu lote, na mashine ikahifadhi mwisho wake juu ya safari ya mkewe, ikaifuta. Mkewe aliporudi, akawasha, akakuta majina ya waliotengeneza gemu yanapanda kwenye skrini.

— Ukamwambiaje? akauliza Breki.

— Nikamwambia, mke wangu, nimekusaidia.

Breki akakiweka kikombe chake chini.

Baridi ndiye aliyeanza kutoa hukumu. Alisema gemu ni friji. Friji nzima inanguruma, kisha inanyamaza, na mtu asiyejua hudhani ikinyamaza imepumzika, kumbe ule ukimya nao ni kazi. Friji inayonguruma mfululizo haileti raha, inaletwa kwake kibandani. Kwa hiyo sehemu za polepole kwenye gemu zimewekwa makusudi, ukizikata unabaki na kelele. Hapo alikuwa bado na akili zake. Lakini hakuna aliyempinga, na Baridi asipopingwa huendelea. Akasema ule mwendo wa polepole umewekwa pia ili ubongo upoe, na kwamba mtu akikimbia kwenye gemu wiki nzima, joto hupanda, likakosa pa kutokea, likaanza kukausha nywele kutokea ndani. Akawaomba wamtazame Chapchap utosini. Wakamtazama.

Breki alisema hayo ni mambo ya mafundi, yeye anaangalia barabara. Barabara iliyonyooka tupu haina utamu hata ukienda kasi namna gani. Mwendo unaonoga ni ule unaopunguza kwenye kona, ukahisi gari limekuelewa, ndipo unakanyaga tena. Watoto wenyewe kwenye basi hupiga kelele ya furaha baada ya tuta, si kabla. Baridi akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo si la kawaida, na Breki akapata nguvu. Akaeleza kuwa waliotengeneza gemu wako mbele yako muda wote wanajenga njia. Ukitembea, wanapata nafasi ya kupanda miti na kupaka mbingu rangi. Ukikimbia, unawakuta hawajamaliza, wanakuwekea chochote. Kwa hiyo mwisho aliouona Chapchap si mwisho halisi. Ni wa dharura.

Chapchap akainywa kahawa yake. Akauliza kama anaweza kumweleza mkewe hivyo. Baridi akamshauri amweleze, lakini aanze na la friji.

Walikuwa wamefika kwenye swali la kama saa alizookoa Chapchap zimemfanya awe mzee kuliko mkewe, pale baba mkwe wake alipotokea. Ni fundi rangi mstaafu, mtu wa maneno machache, na hunyolewa hapo kila mwezi. Wote watatu wakasimama.

— Shikamoo, Baba.

— Marahaba, wanangu. Kaeni.

Kwa kawaida huingia moja kwa moja ndani. Siku hiyo alikaa kwenye benchi, katikati, na Chapchap akajua habari zimefika. Alitamani wenzake wazungumzie mvua. Baridi, ambaye hakuzaliwa na uwezo wa kubadili mazungumzo, akamsimulia mzee kila kitu, na friji, na barabara, na mwisho wa dharura. Mzee alisikiliza mpaka ikaisha. Hakuonyesha kukasirika. Akamgeukia mkwewe.

— Hilo gemu linahusu nini?

Baridi akamwangalia Breki. Breki akaangalia basi lake. Alasiri nzima walikuwa wamelijadili gemu ambalo hata mmoja wao hakuwahi kuliona, na sasa wote wakamgeukia aliyelimaliza.

— Linahusu mwanamke, akasema Chapchap. Anatembea.

— Anakwenda wapi?

— Mbele, Baba.

— Mbele kuna nini?

Chapchap akajaribu kukumbuka. Aliukumbuka mto. Aliukumbuka mlango wa buluu mwishoni kabisa, na mtu aliyeufungua, na kidole chake mwenyewe kikiwa tayari juu ya kitufe. Baba mkwe akangoja. Hakuwa anamtega, alitaka kujua tu. Jibu lilipokosekana, akasimama, akaingia ndani kunyolewa, na Chapchap akamnyoa taratibu.

Alifunga saluni mapema. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kochi, bado na sare ya kazi, viatu amevua, ameinua miguu juu ya kigoda. Televisheni ilikuwa imezimwa. Chapchap alikuwa ameipanga hotuba njiani, ya friji kwanza, lakini alipomwona akaiacha.

— Baba ameniuliza gemu letu linahusu nini. Sikuwa na jibu.

Mkewe akamgeukia.

— Tulipolianza, ulikuwa jikoni unakaanga mayai, akasema. Yule mwanamke na mdogo wake wamefiwa na mama yao. Huyu mkubwa anapeleka habari kwa mdogo wake, anayeishi mbali. Hana haraka ya kufika.

— Kwa nini?

— Kwa sababu mpaka afike, mdogo wake bado ana mama.

Chapchap akakaa kwenye ukingo wa meza. Mkewe akaendelea kwa sauti ileile. Wodini, akasema, mtu akifariki, ni yeye anayetumwa kwenda kuwaambia walioko nje, na wote wanamtaka aende haraka, kitanda kinahitajika. Korido ni fupi. Hajawahi kuruhusiwa kuitembea anavyotaka.

— Wewe ukamfikisha yule mwanamke Jumamosi, akamalizia. Sasa niambie wewe. Mlango ulipofunguliwa, alimwambiaje?

Chapchap angeweza kubuni. Kijiweni angebuni.

— Sijui, mke wangu. Nilibonyeza.

Alingoja aambiwe atahudumiwa. Mkewe akashusha miguu, akasogea upande mmoja wa kochi, akawasha mashine na kuchagua kuanza upya. Padi aliishika mwenyewe. Kwenye skrini wakamsikiliza jirani akimpa yule mwanamke habari ya mama yake, neno kwa neno, kisha mwanamke akafunga mlango wa nyumba, akatembea mpaka mwisho wa kijiji, akakaa juu ya jiwe. Alikaa sana. Chapchap hakuuliza wanangoja nini.