Micah Khisa, Mtunza Meno wa Keringet

Ndugu yetu Micah Khisa alizaliwa Kimilili mwaka wa 1909, kifungua mimba wa Mzee Simiyu na Mama Nekesa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akafuata reli mpaka Nakuru. Alianza kwa kufagia wadi hospitalini, baadaye akafunzwa kung'oa meno.

Mwaka wa 1936 alimwoa Truphosa. Alipopelekwa zahanati ya Keringet mwaka wa 1950, chumba alichopewa hakikutosha familia. Truphosa alibaki nyumbani Kimilili na shamba, wakawa wanaonana Krismasi tu.

Huko Keringet kung'oa jino kulikuwa shilingi mbili. Vibarua wa mashamba ya huko hawakuzimudu, wakangoja mpaka shavu livimbe. Baraza lililosimamia zahanati nalo likasema chumba cha meno hakirudishi hata gharama ya dawa ya ganzi, heri kifungwe. Micah aliitisha mkutano, akaomba kila boma litoe senti hamsini kwa mwaka, mgonjwa awepo asiwepo.

Mama Chelangat alisimama. “Daktari, nilipie meno ambayo hayaniumi?”

“Ndiyo, mama. Ukingoja yaume, utanilipa ukilia, na jino litakuwa limeenda.”

Watu walicheka, lakini walitoa. Chumba hakikufungwa. Micah akawa anazunguka maboma akiwafundisha akina mama kuwasugua watoto meno, na mwaka hadi mwaka wagonjwa wakapungua.

Hata hivyo walimwogopa. Akiingia hotelini kunywa chai, waliokuwa wameketi waliinuka wakishika mashavu. “Benchi zima huwa langu,” alituambia akicheka.

Katikati ya mwaka wa 1958 kifua kilimshika. Kwa kuwa hakuna aliyeumwa jino, mlango wake haukubishwa kwa majuma kadhaa. Mama Chelangat ndiye aliyemkuta kitandani, alipokuja kutoa senti hamsini za boma lake. Micah alipelekwa hospitali Nakuru, akafariki tarehe 9 Agosti. Truphosa alikuwa bado njiani.

Ameacha mjane wake Truphosa, mabinti Eucabeth na Nasimiyu, na sisi wadogo zake. Ameacha pia watoto wa Keringet wenye meno mazima, ambao wengi wao hawakuwahi kuingia chumbani mwake.

Mungu amlaze pema, na pumziko lake liwe tulivu.