Mama Justina na Nyumba Yake ya Magurudumu

Wasikilizaji wapendwa, mwadila, kama tunavyosalimiana sisi Wasukuma. Mvua imetoka kunyesha hapa Bariadi, jua limerudi, na kutoka huku studio nasikia lori likibadilisha gia pale barabara ya Maswa. Mama tunayemkumbuka leo angelisikia tu lori hilo, angewaambia ni wapi linapouma.

Tunamkumbuka Mama Justina Nyanjige. Justina Nyanjige, mke wa mzee Sylvester Maige, mama mzazi wa Lucy. Alifariki mwezi uliopita hapa hapa Bariadi, baada ya kuugua figo, na amezikwa nyumbani kwake Nyalikungu, Maswa. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Tela.

Jina hilo lilitoka wapi? Nisikilizeni.

Mzee Sylvester alikuwa dereva wa malori makubwa. Maisha yake yote ya kazi alibeba marobota ya pamba, akitoka viwandani huku kwetu kwenda Dar es Salaam, na wakati mwingine akapelekwa hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Mama Justina alibaki Nyalikungu. Alilima pamba, alilima mahindi, alilea watoto. Lucy, binti yao mkubwa, ameniambia hivi: "Baba tulimjua kwa honi. Anapiga honi kona ya kanisani, mama anabandika maji ya kuoga. Anakula, analala, asubuhi hayupo."

Kila aliporudi, mzee alikuwa na hadithi. Milima ya Sekenke. Taa za Dodoma. Daraja la Rusumo na maji yanavyonguruma chini yake. Mama Justina alizisikiliza zote huku akichambua mboga. Alivijua vituo vyote vya njiani kwa majina, na hakuna hata kimoja alichokitia machoni.

Basi mzee akastaafu. Tajiri wake akamwachia kichwa cha lori kilichochoka, pamoja na tela lake la bodi, lile lililofungwa pande zote kama sanduku. Mzee akafurahi. Akasema atabeba pamba yake mwenyewe.

Walikuwa mezani, wanakula ugali na samaki. Mama Justina akanawa mikono, akasema, "Baba Lucy, safari hii ukiondoka, naondoka na wewe."

"Utakaa wapi? Juu ya marobota?"

"Nitengenezee chumba humo kwenye tela."

Mzee akacheka. Akamtazama mkewe, akaona yeye hacheki. Wasikilizaji wapendwa, mzee Sylvester mwenyewe anasema hapo ndipo alipojua kwamba biashara ya pamba imekwisha kabla haijaanza.

Fundi akaja akakata madirisha. Kitanda kikaingia. Jiko likaingia, na tanki la maji, na meza ya kukunja. Mlango ukawekewa ngazi ya chuma. Mama Justina akashona mapazia ya kitenge. Majirani wakawa wanakuja jioni kupanda ngazi na kushuka, kwa kujionea tu.

Kilichobaki kilikuwa bima. Na hapo wazee wakagombana.

Mzee alitaka mambo mepesi. Kadi ya gari ilisema ni tela la mizigo. "Tukate bima ndogo, twende zetu," akasema.

"Na trafiki akiuliza mzigo uko wapi?"

"Tutasema sisi ndio mzigo."

"Mimi si mzigo, Baba Lucy."

Kesho yake akapanda basi kuja Bariadi, peke yake. Ofisi ya kwanza walimuuliza kama anakatia bima gari au nyumba. Akajibu vyote viwili. Wakacheka, wakamwambia hicho kitu hakipo kwenye kompyuta yao. Ofisi ya pili hawakucheka, lakini nao walikataa. Ya tatu alimkuta kijana mmoja, wakala, anaitwa Fredrick. Fredrick akasema, "Mama, mimi siwezi kukatia bima kitu nisichokiona. Kileteni."

Wakakileta. Fredrick akapanda, akashuka, akalala chini ya tela na shati lake jeupe. Alipotoka akasema ukweli. Mtungi wa gesi uhamie nje, kwenye kisanduku chake. Kadi ya gari ibadilishwe, isomeke kwamba tela ni makazi. Gari likaguliwe. Na breki zitunzwe, maana kampuni haitamwelewa mtu aliyeziacha zikaisha.

Mambo hayo yalichukua muda. Msimu wa pamba ukapita, lori limesimama uani. Mzee akanuna. Akawa anawaambia wenzake, "Lori langu limekuwa mwali, linasubiri kuolewa." Mama Justina alimwacha aseme. Akawa anafuatilia, ofisi hadi ofisi, mpaka stika ikabandikwa kwenye kioo. Bima kubwa, na kila kilichomo ndani kimetajwa. Hata mapazia.

Wakagawana kazi. Mzee anaendesha, mama anakagua. Fundi Mahona wa hapa Bariadi ndiye aliyemfundisha. Alimwonyesha ile sahani nene ya chuma mgongoni mwa kichwa, ambayo tela hukaa juu yake. Tela lina pini yake, pini inaingia kwenye sahani, na kufuli inaikamata. Sahani ikikauka grisi, kichwa kinakuwa kigumu kwenye kona. Kufuli isipofunga vizuri, kichwa kinakwenda Lamadi, nyumba inabaki Bariadi.

Basi kila walipounganisha tela, Mama Justina aliinama na tochi kuitazama ile kufuli. Kisha anasimama pembeni, mkono kiunoni, breki za tela zimefungwa ili kufuli ijaribiwe, anamwambia mumewe, "Vuta."

"Nimevuta."

"Vuta tena."

Lucy anasema mama yake alikwenda jumuiya ya kanisani na grisi kwenye kucha, na hakuificha.

Na walitembea, wasikilizaji wapendwa. Walitembea kweli. Walikaa Lamadi, mama akanunua dagaa wabichi kutoka ziwani na kuwaanika juu ya paa la tela. Walikwenda Meatu wakati wa mavuno. Askari mmoja wa barabarani aliwasimamisha akauliza wamebeba nini. Mama Justina akafungua dirisha, akasema, "Tumebeba kitanda chetu, afande. Karibu chai." Afande akakagua stika, akapanda, akanywa, akala na michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa.

Sasa nifike pale ambapo mambo yalikuwa karibu kuharibika.

Ilikuwa kiangazi. Walikuwa wanajiandaa kwenda Bukundi. Mama Justina akachungulia magurudumu ya tela, akasema breki zimekaribia kuisha. Mzee akasema zitawafikisha, watatengeneza wakirudi. Mama hakubishana. Alichukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la khanga, akaenda kumwita Mahona. Mzee hakumsemesha siku nzima. Breki zikabadilishwa, wakaondoka.

Njia ya Bukundi ni ya vumbi. Mchana ule upepo ulikuwa unalirusha, na mahali pa kuvukia mifugo hapakuonekana vizuri. Ng'ombe wakatokea vichakani, kundi zima, wanakimbilia maji. Katikati yao kulikuwa na mzee mmoja mfugaji, Luhende. Mzee Sylvester akakanyaga breki.

Tela zito la namna ile likikosa breki linakisukuma kichwa, vinakunjana, vinafagia barabara nzima. Tela hili halikukunjana. Lilisimama limenyooka. Mzee Luhende ameniambia kwa mdomo wake, huku ameweka kiganja mbele ya kifua: "Lile lichuma lilikuja mpaka hapa. Likasimama. Nilisikia joto lake."

Lakini ng'ombe mmoja alikuwa ameshagongwa. Alikufa pale pale.

Watu wakaja mbio kutoka mashambani, wengine na fimbo. Mzee Sylvester alikuwa bado ameshika usukani, mlango hafungui. Aliyeshuka ni Mama Justina. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mzee Luhende, akapiga goti.

"Mwadila, baba."

Luhende akamgeukia ng'ombe wake. Kisha akasema, "Umeniulia ng'ombe, mayu, mama yangu. Huyu ndiye wa maziwa ya wajukuu zangu."

"Tumekuulia kweli. Hatukimbii, na hatusemi kosa ni lako. Bima itakulipa."

"Bima ni nani?" mzee Luhende akauliza. "Anafuga wapi?"

Mtu mmoja akacheka, mwingine akafuata, na fimbo zikashuka. Inasemekana Mama Justina hakucheka. Alimweleza pole pole, kwa Kisukuma, kwamba Bima si mtu, ni kampuni. Luhende akasikiliza hadi mwisho. Akasema yeye hajawahi kuona kampuni inayolia msiba wa ng'ombe.

"Basi tutakaa hapa hapa mpaka uione," akasema Mama Justina.

Na walikaa. Trafiki walikuja wakapima. Fredrick naye akaja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tela likaegeshwa kwa mzee Luhende, kando ya zizi. Siku zikapita, kampuni haijasema kitu. Watu wa pale wakaanza kunong'ona kwamba wazee hawa wanampotezea mwenzao muda. Mama Justina alikuwa anawapikia chai wanaonong'ona. Mke wa Luhende akapanda kuikagua nyumba, kitanda, jiko, mapazia, akasema, "Nzuri. Lakini ng'ombe wenu wanalala wapi?"

Makao makuu ya bima waliuliza swali moja. Je, kampuni ilijua kwamba tela hili linakaliwa na watu? Fredrick akajibu ilijua tangu mwanzo, mteja mwenyewe ndiye aliyesema. Wakauliza breki. Zilikuwa mpya. Fidia ikatoka.

Mzee Sylvester ameniambia, "Siku ile nilimwambia mke wangu asante. Akaniuliza, asante ya nini? Nikamwambia, ya ule ufunguo."

Mzee Luhende akanunua mtamba mwekundu. Akamwita Bima. Tangu hapo, Mama Justina alikuwa anapigiwa simu kutoka Bukundi kuambiwa kwamba Bima ana mimba, Bima amezaa, Bima ameingia kwenye mahindi ya watu.

Figo zilipoanza kumsumbua, akawa anatibiwa hapa Bariadi. Mzee akaleta tela, akaomba kuliegesha karibu na hospitali. Hakutaka kulala mbali naye tena. Asubuhi anapika uji humo ndani, anaupeleka wodini ukiwa wa moto. Lucy alikuwepo siku mama yake alipouliza kitandani, "Umepaka grisi?"

"Nimepaka."

"Nionyeshe mikono."

Mzee akaonyesha. Mikono ilikuwa safi kabisa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, na mzee akatoka kwenda kupaka.

Mama Justina alifariki alfajiri, Lucy ameshika mkono mmoja na mzee ameshika mwingine. Msibani Nyalikungu walijaa watu wa barabarani. Madereva, mafundi, wachuuzi wa dagaa wa Lamadi. Fundi Mahona alifunga gereji. Mzee Luhende alifika kutoka Bukundi na dume la ng'ombe la kulisha waombolezaji, akalikabidhi, akakaa chini na wafiwa mpaka jioni.

Watu wamemuuliza mzee Sylvester kama ataliuza tela. Nami nilimuuliza. Akasema: "Stika inaisha mwezi ujao. Nimeshampigia Fredrick, tunakata tena. Lucy amechukua likizo. Mama yake hatukumfikisha Rusumo. Kila mwaka tulisema mwaka ujao. Nataka mtoto alione lile daraja, asije akalijua kwa mdomo wangu tu."

Kwa mzee Sylvester Maige, kwa Lucy na wadogo zake, kwa ukoo wote wa Nyalikungu na kwa marafiki wa Bukundi na Lamadi, poleni sana. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe Mama Justina Nyanjige mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hatujaachana. Nyumbani kwako yupo mtu ambaye kila ukirudi unamsimulia ulikopita. Anakusikiliza, anachambua mboga, hasemi neno. Leo jioni muulize kama angependa kwenda na wewe. Akisema ndiyo, kagua breki, mpishe akae upande wa dirisha.