Nyundo ya Kupigiwa Picha

Basi lilikuwa halijaliacha vizuri soko la kale, na fundi bati alishaanza kuwaka. Mshona nguo aliyekaa nyuma yake akafunga simu asikilize.

"Watu wa hoteli walitufukuza kichochoroni, eti kelele zetu haziwaachi wageni walale. Sasa kila jioni wananiita nikakae palepale, nivae shati lililochanika, nigonge bati wapige picha. Shati langu zima hawalitaki!"

Mama aliyekaa kando ya fundi, amevaa sare ya hoteli, akamkata kauli. "Kaka, watoto wangu wanasoma kwa pesa za haohao wageni. Si unalipwa?"

"Nalipwa kwa kugonga, dada! Nikimaliza, bati ni lilelile. Hata kikombe hakitoki."

"Wewe umenyang'anywa kichochoro tu. Mimi nyumba yetu wameifanya hoteli, natandika vitanda kwenye chumba nilimozaliwa, na sipigi kelele!"

Kwa mtu asiyepiga kelele, aliwaza mshona nguo, sauti yake ilimfikia hata dereva.

Basi likakaribia kituo cha yule mama. Mama akainuka, kisha akasita. "Haya, yaishe. Nyumbani nina ndoo inavuja. Njoo uizibe."

Fundi akafungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na nyundo peke yake. "Lehemu sibebi siku hizi. Moto wamenikataza, moshi unawakera wageni."

Mama aliitazama ile nyundo, akasonya. "Sasa wewe ni fundi wa nini?"

Fundi akairudisha nyundo mkobani, na basi likasimama.