Kipande cha Tereza

Sikilizeni wanangu, Revocatus na wewe Selestina, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena. Ule mtama ulio ndani ya uzio kule mlimani msiutukane nikishakufa. Watafiti waliubadilisha ili shina lake litoe mafuta ya magari, nao umestawi kwenye kichanga ambacho mahindi yalikikataa. Hauna kosa. Kosa ni langu.

Kipande kile cha shamba si changu. Babu yenu alimpa shangazi yenu Tereza, na mwaka ule ziwa lilipofurika, tukakosa pakavu pa kumzika mama yenu, ni Tereza aliyesema, "Mleteni Rebeka kwangu, kaka." Nami nikamlipa nini? Yeye akiwa kwa mumewe kule Nyegezi, watafiti wakaniuliza kama yuko mwingine mwenye haki pale, nikasema hakuna, mwanamke aliyeolewa ana shamba gani kwao. Nikaweka dole gumba kwenye mkataba wao wa misimu kumi. Majuto ni mjukuu, wanangu, na wangu amekuja nikiwa sina pa kumkimbilia. Imebaki misimu sita. Kila mwaka wanapima udongo, wajue kama mtama unaurutubisha au unaukamua, kwa hiyo jembe la mtu mwingine haliingii, hata la kuchimba kaburi. Nimewaomba mara tatu. Wananisikitikia kweli, vijana wale, kisha wananionyesha dole langu kwenye karatasi.

Basi shikeni haya. Vile vyumba vyangu viwili kule Mabatini ni vya Tereza kuanzia leo. Usinune, Revocatus; najua ulishaviona vyako. Misimu ikiisha, kipande kirudi mikononi mwake, na asiweke dole mtu mwingine ila yeye. Miaka minne hajakanyaga nyumba hii, nami sikwenda kumwomba radhi kwa sababu niliona aibu, ni aibu tu, hakuna jingine. Mwambieni hivyo hivyo, msiyapambe maneno yangu.

Msikate waya kwa ajili yangu. Nizikeni nje, ubavuni mwa uzio, upande ule alikolala mama yenu. Mimi ndiye niliyemfungia ndani.

Selestina, maji... kidogo tu. Mungu awape kuulizana kabla hamjamjibu mgeni. Awalinde... nyinyi na watoto wenu. Udongo wa kwanza autie Tereza. Mngojeeni. Akikataa kuja... msimlaumu. Nifukieni tu.