Mama Zamu na Karatasi ya Majina Manne

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake bila kupunguza neno, hata yale yatakayowachoma baadhi ya waliopo hapa.

Dada yetu, mliyemjua kama Mama Zamu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika nyumba za reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya wasichana hadi 1986, ambako hesabu alizipenda na kushona kukamshinda kabisa, jambo ambalo baba alilicheka hadi mwisho wa maisha yake.

Tarehe 6 Februari 1989 aliajiriwa kiwanda cha dawa, chumba cha kufungasha, akianza kwa kubandika lebo kwenye chupa za dawa ya kikohozi, na tarehe 17 Desemba 1994 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea, aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa wasichana wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2006 alifanywa kiongozi wa timu ya watu wanane, yeye akiwemo, akakuta kila mmoja anajua mashine yake tu, akiumwa mmoja kazi yote inalala na waliobaki wanatukanwa, basi akawafundisha wiki baada ya wiki, anayeziba chupa ajue kuchapa tarehe ya kuisha kwa dawa, anayechapa ajue kukagua vidonge, mpaka wakaweza kuhamisha mashine kutoka kufungasha dawa moja hadi nyingine kwa dakika arobaini badala ya saa tatu, na mwenye mtoto mgonjwa akabaki nyumbani bila hofu.

Septemba 2019 meneja alimwita, akamwambia, "Kama kila mtu anaweza kazi ya wawili, wanne wanatosha. Niandikie majina manne ya kuondoka." Dada akajibu, "Niliwafundisha wasaidiane, bosi, sikuwafundisha wafukuzane," akachukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe mara nne.

Tarehe 30 mwezi huo huo, baada ya miaka thelathini, alifukuzwa kwa kile walichokiita utovu wa nidhamu, wale saba wakavua makoti meupe na kukataa kuwasha mashine siku mbili, na hakuna mwingine aliyeondolewa. Leo njia yake inafundishwa kiwandani humo humo, katika kijitabu chenye picha ya meneja kwenye jalada, na jina la dada halimo hata kwa herufi ndogo. Ni wizi, hatuna neno jingine, na ndiyo maana shada la maua lililotumwa na ofisi ya meneja huyo tumelirudisha getini.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa miezi kumi na saba, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saba, majirani mliotubebea maji na viti, na ninyi saba wa chumba cha kufungasha, mliokuja leo mkijua fika mtaulizwa kazini mlikuwa wapi.

Pumzika kwa amani, dada, hasira tuachie sisi.