Historia ya Marehemu Lorraine Nyaboke Omwenga, Aliyepeleka Wageni Fiji

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Lorraine Nyaboke Omwenga, kwa ufupi, kwa kuwa marehemu hakupenda hotuba ndefu isipokuwa zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 huko Nyamira, Kenya, akasoma shule ya msingi na sekondari hukohuko, kisha akasomea utalii Nairobi na kuhitimu mwaka 1993. Mwaka 1998 alihamia Johannesburg, akaajiriwa na kampuni ya safari hapa Sandton, na mwaka 2001 akafunga ndoa na Ndugu Placide, fundi makochi kutoka Bujumbura, wakaishi Rosettenville na kujaliwa binti mmoja, Kwamboka, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2003.

Kuanzia mwaka 2006 alipeleka wageni Fiji, katika kijiji kimoja cha pwani, na kabla ya kila safari aliwakalisha wateja sakafuni ofisini, mameneja wa benki na tai zao, akawafundisha kuvua kofia kijijini, kutogusa kichwa cha mtu, na kuleta mizizi ya yakona, inayopondwa kuwa kinywaji, ambayo wenyeji huipokea mgeni anapobisha hodi, na pia mkosaji anapoomba radhi. Aliyecheka alirudia somo.

Agosti 2019 mkuu wa kijiji alifariki, na kwa desturi yao sehemu ya bahari ikafungwa, asivue mtu, kwa heshima yake. Marehemu alijua, lakini hakuwaambia wageni wake, akiogopa msiba ungewaharibia likizo, na mmoja wao akaingia majini na kurudi na samaki. Wazee hawakugomba, walimwambia tu asilete wageni tena, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, madaktari wakamkataza kupanda ndege, naye akawa na ombi moja tu, asife kabla ya radhi kuombwa. Mwezi uliopita alimtuma Kwamboka kijijini kule Fiji, ambaye alilalamika kwamba hajui la kusema, mama akamjibu asiseme kitu, aweke yakona chini na kukaa mlangoni mpaka aitwe.

Kwamboka alipopiga simu kwamba wazee wamepokea na kunywa, marehemu hakutosheka, akauliza kama wamemkalisha kama mgeni, akaambiwa yuko jikoni na akina mama, anamenya mihogo, na wanamkaripia kwa kumenya vibaya. Alicheka mpaka nesi akaja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye alijua amesamehewa. Alifariki tarehe 17 mwezi huu, alfajiri, Ndugu Placide akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rosettenville waliopika zamu kwa zamu, na wafanyakazi wenzake wa Sandton. Kwamboka alitua kesho yake, hakumkuta mama yake hai, nasi tunaomba mtu yeyote asimpe pole ya kuchelewa, kwa sababu hakuchelewa, alikuwa ametumwa.

Pumzika kwa amani, Nyaboke, kazi uliyomwachia binti yako ameimaliza.